Riwaya za Zamani Zisomwe Tena, Bila Mtihani

Mwanachuo anayeingia chuo cha ualimu aghalabu amekwisha kusoma riwaya mbili tatu za Kiswahili, naye huweza kuzitaja dhamira zake bila kukwama. Ataeleza migogoro, atachambua wahusika, atatoa mifano ya tamathali za usemi. Lakini akiulizwa ni ukurasa gani uliomchekesha, au ni wapi aliposhindwa kukifunga kitabu ijapokuwa usiku ulikuwa umekwenda sana, hunyamaza. Sisi tunaofundisha mbinu za kufundishia Kiswahili tumekwisha kukizoea kimya hicho, na tunathubutu kusema kwamba ni jambo la kutia wasiwasi kwa mtu ambaye karibuni atakabidhiwa watoto wa darasa la tatu.

Hatupendi kuwatupia lawama walimu wa sekondari. Mwalimu yule ana muhtasari wa kumaliza, ana orodha ya vitabu teule, na mbele yake kuna mtihani usiouliza kama mwanafunzi alifurahi. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba riwaya hugeuka kuwa kitu kinachokwisha siku ya mtihani, na nakala yake hugawiwa kwa walio madarasa ya nyuma kabla jua halijatua. Isitoshe, wapo wengi ambao hawakukisoma kitabu chenyewe kamwe. Walisoma vijitabu vya uchambuzi na muhtasari wa kila sura. Kwa hao, tunapowaambia wakirudie kitabu, kwa kweli tunawaambia wakisome kwa mara ya kwanza.

Tuchukue Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, wakati Tanganyika ilipokuwa chini ya Waingereza. Shuleni tulifundishwa kwamba nchi ile inayoelea angani ni fumbo la utawala wa kigeni. Sawa, hatubishi. Lakini anayeisoma tena akiwa mtu mzima, asiye na kalamu mkononi, huona jambo ambalo fumbo lilikuwa limelifunika: kile ni kisa cha mahakamani, tena chenye kusisimua. Karama ameshtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya uanasheria. Badala ya kukana, anasimama na kuanza kuhadithia. Anaeleza habari za wajumbe sita waliotumwa pande nne za dunia, na hata mbinguni na ardhini, wakarudi na mambo ya manufaa, wakatiwa gerezani kwa malipo. Kila hadithi inamchelewesha mshtaki na kumvuta msikilizaji, na msomaji anaanza kujiuliza kama mtu anaweza kweli kuiokoa roho yake kwa kusimulia tu. Hilo ndilo lililotushika tuliporudi kwenye kitabu hicho. Hatukumbuki kuliona katika daftari lolote la uchambuzi, na pengine si kazi ya daftari kulionyesha.

Adili na Nduguze, ya mwandishi huyo huyo (1952), humfaa zaidi mwalimu wa shule ya msingi, kwa sababu yote imejengwa juu ya swali moja ambalo hata mtoto wa miaka minane ataling'ang'ania. Mjumbe wa mfalme anafika kwa Adili, mtu anayesifiwa kwa uadilifu wake, na usiku anamwona akiwapiga mijeledi manyani wawili, kisha akiwahurumia na kulia. Kwa nini mtu mwema afanye hivyo? Mwalimu akisoma kwa sauti mpaka hapo na kukifunga kitabu, hahitaji kuwaamuru wanafunzi wawahi kesho yake. Asili ya kisa hicho ni hadithi za Alfu Lela Ulela, ambazo bibi zetu wa pwani walizisimulia bila kitabu wala ubao, na hakuna aliyewauliza wajukuu watoe mafunzo matano.

Tumewachagua hao kwanza kwa kuwa ndio wanaoogopwa. Anayetaka mwanzo mwepesi na aanze na Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapwa mwaka 1960. Bwana Msa na kiko chake watamfikisha mwisho bila yeye kujua amemaliza kurasa ngapi. Na Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971) iliwahi kupigwa marufuku shuleni nchini Tanzania kabla ya kuja kuwa kitabu teule. Tunadhani kwamba hakuna riwaya iliyotendewa mambo mawili yaliyo kinyume kabisa kama hiyo, na hatuna hakika ni lipi lililoiumiza zaidi.

Wapo watakaosema kwamba starehe si kazi ya chuo, na kwamba mwanachuo ana maandalio ya masomo, ana zana za kutengeneza, ana mazoezi ya kufundisha. Tunawajibu kwa jambo tunaloliona kila tukienda kuwakagua wanachuo mashuleni. Mwalimu asiyesoma kwa hiari yake humsomea mtoto hadithi kama anayesoma tangazo: sauti haipandi wala haishuki, na sentensi ya mwisho haijafika masikioni amekwisha kuuliza, "Hadithi hii inatufundisha nini?" Watoto hulijibu swali hilo kwa adabu, kisha wanajifunza kwamba kitabu ni mlango wa kuingilia maswali. Mwalimu huyo hakufundishwa vibaya na chuo. Anawapa watoto kile alichonacho.

Yapo pia malalamiko kwamba Kiswahili cha Shaaban Robert ni kigumu. Ni kweli kina maneno yaliyokwisha kuachwa. Shuleni kila neno gumu lilitupeleka kwenye kamusi. Anayesoma kwa kupenda huliruka, na mara nyingi neno hujieleza lenyewe kurasa mbili mbele. Mwalimu aliyewahi kuruka neno hivyo humwachia mtoto naye aruke, wala hamkatizi kila mstari.

Kuhusu vitabu vyenyewe, tunajua kwamba maktaba nyingi za vyuo ni kabati moja lenye kufuli, na ufunguo uko kwa mtu aliyesafiri. Kabati hilo na lifunguliwe, hata kama nakala mbili zitapotea. Nakala inayopotea mikononi mwa wasomaji imefanya kazi kuliko ile inayoliwa na mchwa.

Tunapendekeza basi kwamba kila mwanachuo, likizo ijayo, achukue riwaya moja aliyofanyia mtihani na kuisoma bila kalamu. Wakati wa mazoezi ya kufundisha, dakika kumi za mwisho za kipindi kimoja kwa juma ziwe za kuwasomea watoto tu, pasipo swali lolote baadaye, na sisi wakufunzi tunaokagua tusimkate alama kwa kukosa lengo mahsusi la dakika hizo. Na kitabu kisichompendeza mwanachuo baada ya kurasa thelathini akirudishe kabatini, achukue kingine.