Sauti ni Kipawa, Uimbaji ni Elimu

Wapo walimu wanaoshikilia kwamba mwimbaji huzaliwa, hafunzwi. Maisha ya Marian Anderson, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Philadelphia mwaka 1897, yanaikanusha dhana hiyo. Chuo kimoja cha muziki kilimkataa kwa rangi yake. Waumini wa kanisa lake wakamchangia karo ya mwalimu wa sauti. Baadaye alikwenda Ujerumani kujifunza lugha ya nyimbo alizoziimba, kwani asiyelielewa neno hawezi kulipa uzito wake. Mwaka 1955, akiwa na umri wa miaka 57, akawa mweusi wa kwanza kuigiza kwa kuimba katika jumba la Metropolitan Opera, New York. Basi mwanafunzi akitamani kusomea muziki, tusimwulize atakula nini. Tumwulize kama yu tayari kufunzwa.