Ufanisi kwa Hesabu ya Nani?

Katika msamiati wa utawala wa zama zetu, ni maneno machache yanayotumiwa kwa wepesi kama neno “ufanisi”. Limo katika hotuba za bajeti, limo katika mikataba ya utendaji kazi, limo hata katika mabango ya maduka ya vifaa vya umeme. Ni neno lenye heshima, na anayelihoji huonekana adui wa maendeleo. Mimi silipingi. Ninachotaka kukijadili ni swali ambalo neno hilo hulifunika: ufanisi huo umepimiwa wapi, na kilichookolewa upande huu kimelipwa na nani upande ule? Nitalijadili kwa kutumia kifaa ambacho sisi wanazuoni wa siasa hatuna desturi ya kukitazama, yaani mashine ya kufulia nguo, hasa ile inayouzwa kwa sifa ya kutumia maji kidogo na umeme kidogo.

Mashine hii ina historia ya kisiasa. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1987 iliweka misingi ya viwango vya matumizi ya nishati kwa vifaa vya nyumbani. Januari 2001 Wizara ya Nishati ya nchi hiyo ikatangaza viwango vikali zaidi kwa mashine za kufulia, vikaanza kutumika kwa hatua mbili, mwaka 2004 na mwaka 2007. Mashine ya zamani ya Kimarekani ilijaza pipa lake maji, ikazipiga nguo kwa mhimili uliosimama katikati, na kwa mzigo mmoja ilimaliza yapata lita 150. Mashine mpya nyingi hutumia kama theluthi ya kiasi hicho. Zile za mlango wa mbele huzungusha nguo, zikazipandisha na kuziangusha ndani ya maji machache yaliyotuama chini ya pipa. Kwa nchi ambayo sehemu kubwa ya nishati ya kufulia huishia katika kuchemsha maji, kupunguza maji ni kupunguza umeme na gesi. Hoja hiyo ni sahihi, na faida yake kwa mazingira ni ya kweli.

Lakini usafi una kanuni zake. Mwaka 1959 Herbert Sinner, mhandisi wa kemia aliyefanya kazi katika kampuni ya sabuni ya Henkel huko Ujerumani, alieleza kwamba kusafisha kunategemea mambo manne: kemikali, joto, msuguano na muda. Ukipunguza moja, huna budi kuongeza jingine. Mashine iliyopunguziwa joto haikupata usafi wa bure. Iliuchukua kutoka kwenye muda na kwenye sabuni bora zaidi. Mtumiaji ndiye mwenye muda huo, na yeye ndiye anunuaye sabuni hiyo. Hapo ndipo habari ya wamiliki inapoanza.

Wamiliki wa Marekani walilalamika mapema. Jarida la Consumer Reports, ambalo kazi yake ni kupima bidhaa kwa niaba ya walaji, liliripoti mwaka 2007 kwamba baadhi ya mashine mpya za kupakia juu zilitoa nguo zikiwa na madoa karibu yale yale zilizoingia nayo. Wenye mashine za mlango wa mbele walikuta tatizo lao: harufu ya ukungu. Mlango usiopitisha maji haupitishi hewa pia. Maji machache na ya baridi huacha mabaki ya sabuni katika mikunjo ya mpira wa mlango, na kuvu huota humo. Wakashauriwa waache mlango wazi baada ya kufua, wafute mpira kwa kitambaa, na kila mwezi waendeshe mashine tupu kwa maji ya moto. Vikaja sokoni vidonge vya kusafishia mashine ya kusafishia. Kazi hizi zote hazimo katika hesabu iliyoipa mashine sifa yake.

Malalamiko yakafika mahakamani. Mwaka 2014 jopo la raia mjini Cleveland liliamua kwamba kampuni ya Whirlpool haikuwa na hatia katika mojawapo ya kesi hizo. Nyingine zilimalizwa baadaye kwa mapatano. Siasa nazo hazikukaa mbali. Mwishoni mwa 2020 serikali ya Trump iliunda kundi la mashine za mzunguko mfupi zisizobanwa na viwango vya kawaida. Serikali ya Biden ikalifuta mwaka 2022. Januari 2024 mahakama ya rufaa yenye makao yake New Orleans ikasema ufutaji huo haukufuata sheria. Katika mvutano huo, uzoefu wa mwenye kufua uligeuzwa silaha. Upande mmoja uliutumia kubomoa viwango vyote. Upande mwingine uliuona kuwa ni ujinga wa watu wasiosoma mwongozo. Wachache walioutazama kama ushahidi wa kuboreshea viwango hawakupewa nafasi kubwa. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na watunga viwango wengi hawalali juu ya vitanda wanavyovipima.

Sasa mashine hizo hizo zimefika kwetu. Katika mtaa ninaoishi hapa Dar es Salaam, kaya nyingi za watumishi wa umma na wafanyabiashara wa kati zinayo au zinaitamani. Kwangu tunayo ya mlango wa mbele, ya kilo 7, na lebo yake inaahidi makubwa. Nimeishi nayo muda wa kutosha kuweza kusema ni wapi ahadi hiyo inakutana na hali ya nchi hii.

La kwanza ni maji. Miongozo ya mashine nyingi za aina hii hutaka msukumo wa maji usiopungua kile kinachotolewa na maji yaliyo juu kwa kimo cha mita 5 hivi. Simtanki lililoinuliwa juu ya mnara wa mita 3 halifikishi kiasi hicho. Mashine husubiri maji, ikichoka kusubiri huandika herufi na tarakimu kwenye kioo chake na kusimama. Anayetaka iendelee anunue pampu, na pampu hula umeme ambao lebo haikuuhesabu.

La pili ni umeme. Mzunguko wa kuokoa nishati unaweza kuchukua saa mbili na nusu au zaidi. Katika miezi ya mgao, kuanzia Septemba 2023 hadi mwanzoni mwa 2024, kupata saa mbili na nusu za umeme usiokatika wakati wa mchana lilikuwa jambo la bahati. Umeme ukikatika, mlango hubaki umefungwa na nguo zimelowa ndani. Dada anayetusaidia nyumbani alinieleza kwa ufupi kuliko mwongozo wowote: “Baba, hii mashine haina shida, ila inataka mtu wa kuilinda.” Analinda umeme, analinda tangi, na huku anapika na kumwangalia mtoto. Mashine inafua, lakini muda wake yeye haujawa huru.

La tatu ni joto, nalo ni somo zuri kwa wanafunzi wangu wa sera. Kupasha lita 15 za maji kutoka nyuzi 10, kama yanavyotoka bombani katika nchi za baridi, hadi nyuzi 40 hutumia takriban nusu uniti ya umeme. Maji ya simtanki la Dar es Salaam huwa na nyuzi 27 hivi kabla hatujawasha chochote, na kuyafikisha 40 hutumia chini ya nusu ya kiasi hicho. Kwa hiyo sehemu kubwa ya akiba inayotangazwa ni akiba ya baridi ya watu wengine. Vivyo hivyo kasi kubwa ya kukamua nguo: ina thamani kwa anayekausha kwa mashine ya umeme. Sisi tunaanika juani.

La nne ni sabuni. Sabuni zetu za unga zimetengenezwa kwa ajili ya karai na mikono, na tumezoea kuamini kwamba povu ndilo usafi. Ndani ya mashine ya maji machache, povu hugeuka mto: nguo zikianguka haziumizwi, msuguano hupotea, na mashine ikihisi povu limezidi huongeza muda na maji ya kusuuza. Maelezo ya jambo hili yapo, lakini katika nakala nilizoziona madukani yameandikwa kwa Kiingereza, Kichina, Kiarabu au Kifaransa. Kiswahili, lugha ya mtu ambaye ndiye atakayebonyeza kitufe, hakimo.

Linganisha haya na mashine ya matangi mawili, ile ambayo muuzaji huiita ya kizamani. Hujazwa kwa ndoo, kwa hiyo haijali msukumo wa maji. Umeme ukikatika, unafungua mfuniko na kumalizia kwa mikono. Maji yale yale ya sabuni hufua nyeupe kwanza, kisha za rangi, kisha matambara, na mwisho huosha sakafu ya choo. Ukiipima mashine peke yake kwa mzunguko mmoja, inashindwa. Ukiipima kaya nzima kwa siku moja ya kufua, katika nyumba inayonunua maji kwa dumu, huenda ikashinda. Mwezi Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na jiji likaingia katika mgao wa maji, ni mama wa nyumbani na dada wa kazi waliokuwa wataalamu wa kutumia tone moja mara tatu. Mashine ya kisasa humwaga yote kwenye bomba la maji machafu, kisha ikasifiwa kwa kubana matumizi.

Simaanishi kwamba turudi kwenye karai. Hans Rosling, daktari na mtakwimu wa Sweden, katika mhadhara wake maarufu wa mwaka 2010, alieleza jinsi mashine ya kufulia ilivyomnunulia mama yake muda wa kusoma vitabu. Alikuwa sahihi, na yeyote aliyefua mashuka ya familia kwa mikono analijua hilo kwa mgongo wake. Lakini mwanahistoria Ruth Schwartz Cowan, katika kitabu chake cha mwaka 1983 kuhusu kazi za nyumbani Marekani, alionyesha upande wa pili: vifaa vilipoingia, matarajio ya usafi yalipanda, kazi zilizokuwa zikifanywa na wengine zilimrudia mama, na saa zake za kazi hazikupungua kama ilivyotarajiwa. Nimeyaona nyumbani kwetu. Shati lililovaliwa siku mbili sasa hufuliwa kila siku, kwa kuwa “mashine ipo”. Kukunja, kuanika na kupiga pasi kumebaki kwa binadamu, na kumeongezeka.

Watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu watakuwa wameshaona ninakoelekea. Ofisi inapohamishia huduma mtandaoni, foleni hutoweka dirishani na takwimu za ufanisi hupanda. Lakini mwanafunzi wa kijijini hana kompyuta wala intaneti ya uhakika. Anapanda basi hadi mjini, anamlipa mwenye steshenari amjazie fomu, anarudi tena kwa sababu picha imekataliwa na mfumo. Foleni ipo, imehamia mahali ambapo ofisi haina daftari la kuihesabu. Kama mashine yangu, mfumo umepimwa kwa kile kinachotumika ndani yake. Kilichotolewa na aliyesimama nje, yaani nauli, siku ya kazi na ada ya steshenari, hakimo katika taarifa ya mwaka.

Tufanye nini? Kwanza, tudai lebo inayosema ukweli wote. Umoja wa Ulaya, tangu Machi 2021, unataka lebo ya mashine ya kufulia ionyeshe pamoja na umeme na maji, muda wa mzunguko wa kuokoa nishati. Ni hatua ndogo yenye maana kubwa: muda wa mtumiaji umekubaliwa kuwa gharama. Kanuni zao pia zinawalazimu watengenezaji kuhakikisha vipuri muhimu vinapatikana kwa angalau miaka 10 baada ya kuacha kuuza aina hiyo ya mashine. Kwetu, saketi ikiungua, fundi hutafuta mashine nyingine mbovu ya kutolea kipuri, na mara nyingi kifaa “chenye ufanisi” huishia jalalani kikiwa bado na pipa zima na mota nzima.

Pili, vyombo vyetu vya viwango vipime vifaa katika hali zetu: msukumo mdogo wa maji, umeme unaokatika, maji ya chumvi ya visima, sabuni zinazouzwa Kariakoo. Tatu, mwongozo wa Kiswahili uwe sharti la kuingiza bidhaa nchini. Nne, na hili ni kwa wanaharakati na watafiti vijana, hesabuni saa za dada wa kazi. Kaya ikisema mashine imeokoa muda, muulizeni yeye kama umeokolewa, na kama amepewa yeye autumie au ameongezewa kazi nyingine.

Maswali haya yanafaa kuulizwa pia kwenye kikao chochote ambapo mshauri mwelekezi anasimama na jedwali la ufanisi. Aulizwe vipimo vilifanyika wapi, nani alikuwepo, na ni gharama zipi zimeachwa nje ya jedwali. Kisha aitwe mtu mmoja atakayekitumia kifaa au mfumo huo kila siku, asikilizwe kabla mkataba haujasainiwa.