Tumeazima Kwata, Tumeliacha Jeshi

Usiku wa kuamkia Januari 20, 1964, askari wa kambi ya Colito, nje kidogo ya Dar es Salaam, waliwaweka chini ya ulinzi maofisa wao wa Kiingereza na kuingia mjini na silaha. Hawakuwa askari wasiofunzwa. Jeshi lao, Tanganyika Rifles, lilirithi kwata, gwaride na utii wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza. Madai yao makubwa yalikuwa ya watu wa kazi hasa: mshahara, na vyeo vya uofisa vilivyokuwa bado mikononi mwa Waingereza miaka miwili baada ya uhuru. Siku chache baadaye askari wa Jinja, Uganda, na wa Lanet, Kenya, nao waliasi. Serikali ya Tanganyika ililazimika kuwaita wanajeshi wa Uingereza kuyazima maasi, jeshi likavunjwa, na Septemba 1 mwaka huohuo likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania.

Nayakumbuka maasi hayo kila ninapomsikia mkurugenzi akisema kwamba dawa ya wafanyakazi wake ni nidhamu ya kijeshi. Kauli hiyo imezoeleka. Mabenki, kampuni na hata taasisi za umma zinawapeleka watu wao kwenye mafunzo ya ukakamavu: siku mbili tatu kambini au ufukweni, mchakamchaka alfajiri, kuvuta kamba, kutambaa kwenye tope, kisha hotuba kuhusu ustahimilivu. Niliwahi kualikwa kwenye mojawapo ya siku hizo. Maofisa mikopo walikimbia, wakaimba na kucheka pamoja, na furaha ile ilikuwa ya kweli. Jumatatu walirudi kwenye malengo yaleyale waliyopangiwa bila kuulizwa, katika tawi lenye upungufu wa watu watatu, chini ya meneja anayetuma maagizo kwa simu saa nne usiku. Mmoja wao aliniambia kwamba kukimbia hakumchoshi. Kinachomchosha ni kulaumiwa kwa jambo ambalo hakupewa nyenzo za kulifanya.

Jeshi lina mengi ya kuifunza ofisi, na nasema hivyo kwa dhati. Tatizo ni kwamba kampuni nyingi zimeazima kile kinachoonekana uwanjani na kuacha kile kinachomfanya askari asimame imara mambo yanapoharibika.

Mfano bora tunao wenyewe. Novemba 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin wa Uganda kuvamia Kagera, Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa na kutaja mambo matatu ambayo kila Mtanzania wa rika langu anayajua: sababu, uwezo na nia. Watu huikumbuka hotuba ile kwa ukali wake. Mimi naikumbuka kwa hesabu yake. Hakusema nia peke yake inatosha. Na baada ya hotuba, uwezo ulitafutwa kwa bidii. Mgambo, polisi, magereza na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) waliongezwa jeshini na kupewa mafunzo. Malori na mabasi ya mashirika na ya watu binafsi yalikusanywa kubeba askari na vifaa kwenda Kagera, safari ndefu kwa barabara mbovu. Daraja la Kyaka lilikuwa limelipuliwa na wavamizi, kwa hiyo ilibidi kwanza itafutwe njia ya kuvuka mto. Mutukula ilitekwa Januari 1979, na Kampala ikaanguka Aprili 11. Ushindi ule ulibebwa na matairi, dizeli, chakula na mafunzo, pamoja na moyo wa askari.

Sasa itazame ofisi ya kawaida. Inadai nia kila siku: jitume, pambana, usikate tamaa. Sababu haielezwi, kwa maana mfanyakazi anaambiwa lengo ni kukusanya amana za kiasi fulani ifikapo mwisho wa robo mwaka, haambiwi kwa nini kiasi hicho wala fedha hizo zitafanya nini. Uwezo haumo. Mfumo wa kompyuta unakwama, gari la tawi halina mafuta, aliyeacha kazi mwaka jana hajapata mrithi. Kamanda anayempeleka askari lindoni bila risasi anastahili kushtakiwa. Meneja anayempeleka mtu sokoni mikono mitupu humwandikia barua ya onyo.

Kuhusu sababu, wanajeshi walijifunza kwa gharama. Prussia, ufalme wa Kijerumani, ilipondwa na Napoleon huko Jena mwaka 1806, na warekebishaji wa jeshi lake kama Scharnhorst waliona kwamba jeshi linalosubiri amri ya juu kwa kila hatua hushindwa na jeshi ambalo ofisa mdogo anaweza kuamua. Kutoka hapo, hatua kwa hatua, ulikua utaratibu ambao majeshi mengi leo yanaufundisha: mkubwa anaeleza kusudi na mipaka, mdogo aliye mbele ya hali halisi anachagua njia. Wengi wetu tunadhani jeshi ni mahali pa "ndiyo afande" tu. Katika kwata, ni kweli. Lakini kwenye mapigano, moshi umetanda na redio imekatika, askari anayejua kusudi ndiye anayeokoa kikosi. Ofisi zetu zimechukua ile "ndiyo afande" na kuipeleka hadi kwenye kuidhinisha ununuzi wa karatasi.

Kuna desturi nyingine ningependa kuiona katika kila kampuni nchini. Tangu miaka ya 1970, Jeshi la Marekani limekuza utaratibu wa kukaa chini mara baada ya zoezi au operesheni na kuuliza maswali manne: tulikusudia nini, kilitokea nini, kwa nini kilitokea hivyo, na safari ijayo tufanyeje. Kuruta anaweza kusema mbele ya kamanda kwamba amri ilichelewa, na haadhibiwi kwa kusema hivyo. Cheo kinarudi mkutano ukiisha. Sisi tuna vikao vingi mno, lakini karibu vyote ni vya kutafuta nani alikosea, na anayepatikana huwa wa chini. Watu wenye akili hujifunza haraka kunyamaza, na kosa lililonyamaziwa hurudi mwaka unaofuata likiwa kubwa zaidi.

Nije kwenye neno lenyewe, ustahimilivu. Linatumika siku hizi kana kwamba ni tabia ya mtu: huyu anayo, yule hana. Lord Moran, daktari Mwingereza aliyekaa mahandakini na askari katika Vita Kuu ya Kwanza na baadaye akawa daktari wa Winston Churchill, alichapisha mwaka 1945 kitabu kiitwacho The Anatomy of Courage. Hoja yake ni rahisi kuieleza: ujasiri ni kama akiba ya benki. Kila mtu ana kiasi chake, vita vinaitumia, na asiyepewa nafasi ya kuijaza tena hufilisika hata kama ni shujaa. Majeshi yaliyaona hayo kwa macho. Katika vita ile vikosi vya Uingereza vilizungushwa: siku kadhaa mstari wa mbele, siku kadhaa nyuma yake, kisha mapumziko mbali na mizinga. Askari aliyevunjika moyo mara nyingi alikuwa askari aliyekaa mbele mno bila kupokewa.

Kwa hiyo ustahimilivu hujengwa na kikosi: zamu, chakula, usingizi, daktari, mwenzako wa kukushika mkono. Kwa upande wa ofisi, sheria tayari imeweka msingi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, saa 12 za mapumziko kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na likizo ya malipo ya siku 28. Kampuni inayoomba ustahimilivu huku ikihesabu likizo kama uvivu inakopa akiba ambayo haitaki kuirudisha.

Kuna jambo la mfano wa kiongozi pia. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na JKT, yakiwemo ya kukatwa sehemu kubwa ya mshahara. Nyerere aliwafukuza chuoni, adhabu ambayo hadi leo naiona ilikuwa kali mno. Lakini hakuishia hapo. Alipunguza mshahara wake kwa asilimia 20, na mishahara ya vigogo wa serikali nayo ikakatwa. Ukubaliane naye au usikubaliane naye, alielewa kwamba hawezi kuwaambia vijana wajifunge mkanda huku wake ukiwa umelegea. Ni bodi ngapi hukata posho zake kabla ya kupunguza wafanyakazi?

Na kuna mipaka ambayo haifai kuvukwa. Askari amekula kiapo. Nchi nayo imejifunga kwake, kwa matibabu, kwa pensheni, kwa mazishi ya heshima. Kampuni humwondoa mtu kwa notisi ya siku 28. Ahadi hizo mbili hazilingani, na haiwezekani kudai utii wa kiapo kwa dhamana ya mkataba wa mwaka mmoja. Adhabu ya pamoja, kumfokea mtu mzima mbele ya wenzake, kumnyima usingizi ili "akomae": hayo ya kozi ya kuruta hayana nafasi kabisa mahali ambapo watu wanahudumia wateja na kulea familia.

Mkurugenzi unayepanga safari ya ukakamavu mwaka huu, wapeleke watu wako. Hewa ya kambi haimdhuru mtu. Ila kabla ya kulipia mabasi, kaa nao chumba kimoja, weka cheo kando, na uwaulize ni amri ipi yako iliyochelewa mwaka jana. Jaza zile nafasi tatu zilizo wazi. Na usimpigie mtu simu akiwa kwenye likizo yake.