Kueleza Kitabu Si Kukiunga Mkono

Wasomi wetu wengi huamini kwamba kitabu cha siasa kali kikiingizwa katika kamusi elezo, sharti kilaaniwe tangu sentensi ya kwanza. Vinginevyo, wanasema, mwandishi wa ingizo amekipigia debe. Imani hii huvaa joho la uzalendo, lakini inamdharau msomaji na kumwacha mikono mitupu.

Chukua riwaya ya Mmarekani Robert Ruark, Something of Value, ya mwaka 1955. Peter McKenzie, mwana wa setla, na Kimani, kijana wa Kigikuyu, wanakua pamoja shambani hadi vita vya Mau Mau vinapowafanya mahasimu. Mwaka 1957 ilitengenezewa filamu, Sidney Poitier akiigiza Kimani. Ingizo la kizalendo litaandika "riwaya ya kibaguzi iliyojaa uongo" na kuishia hapo. Mwanafunzi hapa kwetu, katika kisiwa cha Takawiri, akilisoma ataambulia nini? Hasira ya mwandishi, basi. Hatajua Ruark alidai nini wala alipotosha wapi, na siku akikutana na anayekisifu kitabu hicho, atakosa la kujibu.

Ingizo la haki litamweleza kwamba Ruark anasimulia viapo na mauaji ya masetla kwa undani wa kutisha, na kwamba hoja yake ni kuwa Mwafrika alipokonywa mila zake bila kupewa kitu cha kuziba pengo. Kisha litaweka hesabu mezani: masetla waliouawa walikuwa 32, ilhali takwimu za serikali ya kikoloni yenyewe zinataja zaidi ya wapiganaji 11,000 waliouawa, na waliopelekwa kitanzini walizidi 1,000. Litaongeza kwamba wafungwa wa vita hivyo waliletwa hadi ndani ya ziwa hili letu la Victoria, katika kambi za visiwa vya Mageta na Saiyusi. Litataja pia kwamba mwandishi Mkenya Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Decolonising the Mind ya mwaka 1986, alimweka Ruark katika kundi la waandishi wabaguzi. Hukumu inaruhusiwa kuingia, mradi ije na jina la aliyeitoa. Hapo Ruark anahukumiwa kwa ushahidi, na hukumu ya namna hiyo haifutiki kirahisi.

Mizani ya mbuta kwenye bichi zetu haibadilishi kilo kwa kuwa mvuvi ni ndugu au hasimu. Kipimo tulichomwekea Ruark tumwekee na Ngũgĩ, ambaye wengi wetu, nami nikiwemo, tunampenda.

Riwaya yake Matigari ilitoka kwa Kigikuyu mwaka huohuo wa 1986. Shujaa, Matigari, anatoka msituni, anafukia silaha, anajifunga mshipi wa amani na kwenda kudai nyumba yake. Anakuta warithi wa setla Williams na wa mtumishi wake John Boy ndio wenye nguvu. Anaitafuta haki kwa maneno, haipati. Mwishowe kijana Muriuki anazifukua zile silaha. Ingizo litakaloiita "riwaya ya ukombozi" na kunyamaza kuhusu silaha hizo limemficha msomaji kiini cha kitabu, na mapenzi hayo ni upotoshaji kama chuki ilivyo.

Ngũgĩ ameeleza kwamba mapema mwaka 1987 polisi waliagizwa kumkamata Matigari, hadi walipogundua kuwa ni mhusika wa hadithi tu. Kitabu kikaondolewa madukani. Ndivyo inavyokuwa watu wanapokihukumu kitabu kabla ya kukijua.

Najua pingamizi: vipo vitabu vinavyochochea mauaji, na kuvieleza kwa utulivu ni kuvisafisha. Sivyo. Haki haina maana ya kugawa lawama nusu kwa nusu, wala kukaa kimya. Kama kitabu kinataka watu wauawe, andika waziwazi kwamba kinataka hivyo, ni watu gani, na kwa hoja ipi. Kama kimesababisha damu kumwagika, taja tukio na mwaka.

Basi, walimu na wahariri, elezeni kwanza kitabu kinasema nini, kisha ukweli unasema nini, kisha wahakiki wanasema nini. Tukimnyima msomaji hatua hizo tatu, hata tukiwa na nia njema, tutakuwa tumefanya kazi ya wale polisi wa 1987.