AFYA YA JAMAA: Figo Hutolewa, Haidaiwi

Siku hizi si ajabu kusikia kijijini kwamba fulani figo zake zote mbili zimekufa, naye huenda hospitali mara tatu kwa juma kusafishwa damu kwa mashine, kila mara muda wa saa nne hivi. Daktari akiona anafaa, humwambia: "Afadhali upandikizwe figo." Hapo jamaa hukusanyika, na maneno huanza.

Kazi hii si ngeni. Tarehe 23 Desemba 1954, katika mji wa Boston, Marekani, Dk. Joseph Murray na wenzake walitoa figo moja ya Ronald Herrick wakampa Richard, pacha wake. Richard aliishi miaka minane zaidi, akaoa, akapata watoto. Ronald naye aliishi na figo yake moja mpaka mwaka 2010. Tanzania kazi hiyo ilianza Muhimbili mwaka 2017, na mwaka 2018 ikafanyika Dodoma, katika Hospitali ya Benjamin Mkapa.

Matayarisho yake ni nini? Kwanza hupimwa damu ya mgonjwa na ya mtoaji, ijulikane kama makundi yapatana, na kama mwili wa mgonjwa hautaipiga vita figo ya mwenzake. Mgonjwa hupimwa moyo, mapafu, ini na kifua kikuu. Huchanjwa, na hata meno mabovu hutibiwa. Msicheke! Baada ya kupandikizwa atakunywa dawa za kuutuliza mwili usiikatae figo mpya. Dawa hizo hupunguza nguvu ya kushindana na maradhi, hata ugonjwa mdogo uliojificha huweza kuamka. Dawa za mizizi aziache, maana nyingine hudhuru figo.

Mtoaji naye awe mtu mzima mwenye afya. Hupimwa mkojo, sukari, nguvu za damu, na figo zake hupigwa picha. Mtu mzima wa afya huweza kuishi vema kwa figo moja, maana ile iliyobaki huongeza kazi yake.

Lakini kuna kipimo kimoja kisichoonekana kwa mashine, nacho ni hiari. Jamaa wengine hukaa barazani wakahesabu: "Kaka ana watoto wengi, dada ameolewa. Basi atoe huyu mdogo, hajaoa." Kijana huinamisha kichwa kwa kuwaheshimu wazee, na kunyamaza kwake huhesabiwa kuwa amekubali. Sivyo! Kunyamaza kwa hofu si kukubali. Ndiyo maana hospitalini mtoaji huulizwa peke yake, baba na mjomba wakiwa nje. Ana ruhusa kukataa, hata asubuhi ile ile ya kupasuliwa. Akikataa, daktari huwaambia jamaa kwamba huyu hawezi kutoa, basi, wala hafichui siri yake. Nanyi msimchunguze, wala msimwite muuaji wa ndugu yake.

Kuuza figo ni marufuku. Mwaka 2000, Papa Yohane Paulo wa Pili aliwaambia madaktari huko Roma kwamba kiungo cha mtu si bidhaa, na kwamba mtoaji sharti aelezwe yote, akubali kwa hiari.

Basi, wazee wakikutana, waache kuhesabu nani atoe. Wahesabu haya: Nani atalima shamba la mtoaji, maana kwa majuma kadhaa hatainua jembe wala mzigo? Nani atamsindikiza mgonjwa kliniki? Fedha za dawa zitatoka wapi, nazo ni za kila siku, maisha yote? Dawa zikikatika, mwili huikataa figo mpya, na zawadi ya ndugu yake hupotea bure. Haya yote yaulizwe hospitali mapema, pamoja na mambo ya bima.

Wahenga walisema: Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Akina baba na akina mama, mwulizeni kijana wenu kwa upole, mpeni siku za kufikiri, na jibu lake, liwe ndiyo au siyo, lipokeeni kwa heshima.