Ubishi wa Ogembo na Kimya cha Baraza Letu

Mtu akitaka kujua kama timu ya kandanda ina wenyewe, asiende uwanjani siku ya mechi kubwa. Siku hiyo kila mtu ni shabiki, hata mpita njia huvutwa na ngoma na tarumbeta. Na aende wakati mpira umelala, msimu mmoja umekwisha na mwingine haujaanza, viatu vimetundikwa misumarini. Halafu asikilize watu wanazungumza nini. Mimi nililijua hilo mwaka jana, mwezi wa Julai, na kwa umri wangu nilipaswa kulijua zamani.

Nilikwenda Ogembo, katika Kaunti ya Kisii, kumzuru mwalimu mmoja aliyefundisha Mombasa miaka mingi kabla ya kustaafu na kurudi kwao. Ogembo ni mji wa vilimani, wa chai na migomba, na baridi yake ya asubuhi humtia mtu wa Pwani ndani ya koti hata akiwa mbishi. Mwenyeji wangu akanipeleka katika hoteli ya chai karibu na stendi ya matatu. Tulipofika mlangoni nilisikia kelele, nikadhani pana ugomvi wa shamba. Kumbe wanazungumza juu ya Shabana.

Msomaji wa Pwani asiyeijua Shabana nitamweleza kwa ufupi. Ni timu ya Kisii iliyoanzishwa mwaka 1980, na jina lake lilitokana na duka la vifaa vya ujenzi la mjini humo, Shabana Hardware. Ni jina ambalo sikio la Mswahili hulipokea kama la jamaa. Lakini Wakisii, ambao wengi wao ni Wakristo, hawakulihesabu kuwa la mgeni hata siku moja. Wamelifanya lao, na timu yenyewe wameipa jina jingine la mapenzi, Tore Bobe. Katika miaka ya themanini Shabana ilikuwa tishio, na jina la Henry Motego lilijulikana na kila mtoto wa Gusii aliyewahi kupiga mpira wa matambara.

Basi pale hotelini palikuwa na watu wapatao kumi, lakini wabishi hasa walikuwa watatu. Wa kwanza kijana wa bodaboda, wa pili fundi cherehani, na wa tatu mzee mwenye kofia ya sufu aliyekishikilia kikombe chake kwa mikono miwili. Yule kijana alikuwa ameleta habari kwamba mshambuliaji wao anakwenda Gor Mahia, mambo yamekwisha, karatasi zimetiwa sahihi. Fundi cherehani, ambaye kumbe ni shabiki wa Gor kwa kuwa mama yake ni Mjaluo, akacheka kwa dharau akasema mshambuliaji huyo Gor hawamtaki, wanao watatu walio bora kuliko yeye.

Hapo ndipo kelele zilipopanda. Mwenyeji wangu akanitambulisha, na papo hapo wakauacha Kikisii wakaingia Kiswahili, kwa adabu ya kutomwacha mgeni nje ya mazungumzo. Mmoja akasema, "Mzee wa Mombasa amefika, yeye ndiye atakuwa refa." Nikawaambia refa hupigwa mawe, afadhali niachwe ninywe chai.

Yule mzee mwenye kofia hakuwa amesema neno. Kelele zilipotulia akamgeukia kijana akamwuliza, "Habari hii umeiona au umeisikia?" Kijana akajibu kuwa ameisikia kwa mtu wa kuaminika. Mzee akauliza, "Na huyo ameiona au ameisikia?" Kijana akakaa kimya. Mzee akasema, "Basi iweke chini mpaka ipate miguu."

Nilipomwuliza mzee huyo kama hawachoki kubishana juu ya timu wakati hata mpira hauchezwi, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama hachoki kuvuta pumzi. Akaniambia kuwa mwaka 2006 Shabana iliteremka kutoka ligi kuu. Ikakaa chini miaka 17. Watoto walizaliwa, wakaenda skuli, wakapata vitambulisho, bila ya kuiona timu yao katika ligi kuu hata mara moja. "Lakini sisi," akasema, "tulikuwa hapa hapa, tukibishana. Nani atarudi, nani ataondoka, kocha huyu afukuzwe, yule aletwe. Mwaka 2023 iliporudi, hawa vijana waliijua kama ambao walikuwa wameiona siku zote."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike leo. Shabana ilipanda mwaka 2023 pamoja na Murang'a Seal, na Uwanja wa Gusii ukajaa watu. Wengi walistaajabu wakauliza mashabiki wote hao wametoka wapi. Mimi nimepajua walikotoka. Wametoka katika hoteli za chai za Ogembo, Suneka, Keroka na Nyamira, ambako kwa miaka 17 mzee alimsimulia kijana na kijana akambishia mzee. Timu isiyo na fedha yaweza kuishi kwa muda mrefu, lakini isiyozungumzwa haiishi.

Sasa natugeukie sisi wenyewe. Niliporudi Mombasa nilikwenda barazani kwetu baada ya Isha, kama desturi. Kahawa ipo, haluwa ipo, na ubishi upo pia, tena mkali. Vijana wanahesabu mamilioni ya pauni ambayo Arsenal itayatoa kwa mchezaji fulani, na wengine wanaapa kuwa Manchester United imefanya ujinga kumwuza fulani. Wanajua mshahara wa mtu wa London kuliko bei ya unga hapa sokoni. Nikasubiri, kisha nikauliza, "Na Bandari imesajili nani?"

Wakatazamana. Mmoja akasema anadhani wamempata kipa mpya, hana hakika. Mwingine akauliza, si kwa mzaha, "Kwani ligi imekwisha?" Na Mbaraki, uwanja wa Bandari, ni mwendo mfupi tu kutoka pale tulipokuwa tumekaa.

Sikuwalaumu sana vijana. Wamekuta wazee wao wamenyamaza. Ni wangapi leo wanaojua kuwa bingwa wa Kenya mwaka 1965 alikuwa Feisal ya Mombasa? Ligi ya taifa ilianza mwaka 1963, Nakuru All Stars wakalichukua kombe. Mwaka uliofuata likaenda kwa Luo Union. Na mwaka wa tatu likateremka Pwani. Tangu hapo halijarudi tena. Mji huu ulikuwa na Feisal, ukawa na timu yake yenyewe iliyoitwa Liverpool, na siku zilipokutana ndugu wa tumbo moja hawakula sinia moja. Ulimtoa Ali Kajo, aliyekuwa katika timu ya Kenya iliyokwenda Cameroon mwaka 1972, mara ya kwanza nchi hii kushiriki fainali za Mataifa ya Afrika. Hayo yote hayakusahauliwa kwa kuwa hayakuwa makubwa. Yamesahauliwa kwa sababu kimya kiliingia barazani.

Watakuwapo watakaosema kuwa mpira wa nyumbani ni mbovu, viwanja ni vibaya, viongozi hawana mpango, na mtu ana haki ya kutazama kizuri popote kilipo. Sikatai. Hata mimi huutazama mpira wa Ulaya, na hupendezwa. Lakini nawaomba wakumbuke jambo moja. Mwaka 2019, Liverpool ya Uingereza ilipoifunga Tottenham mabao 2 kwa 0 katika fainali ya Ulaya, bao la pili lilitiwa na Divock Origi, na mitaa yetu ililipuka kwa shangwe. Baba wa kijana huyo ni Mike Okoth, Mkenya, na kabla ya kwenda Ubelgiji aliichezea Shabana ya Kisii. Nani aliyemtazama Mike Okoth akiwa kijana, akamsifu, akambishania hotelini mpaka jina lake likafika mbali? Si watu wa Liverpool. Ni watu kama wale wa Ogembo. Wachezaji hawaanguki kutoka mbinguni. Huanza kwa kutajwa na majirani zao.

Wenzetu wa Dar es Salaam walilifahamu hilo zamani. Yanga ilizaliwa mwaka 1935, na mwaka 1936 wengine wakajitenga wakaanzisha timu ambayo leo ni Simba. Tangu hapo Jangwani na Msimbazi hazijanyamaza. Ukifika Kariakoo wakati wa usajili, mpira haujapigwa hata teke moja, utaona wauza magazeti, wachoma mahindi na mahamali wote ni makocha. Simba wana siku yao mwezi wa Agosti, Simba Day, waliyoianza mwaka 2009, na uwanja hujaa watu waliokuja kuonyeshwa wachezaji wapya, kabla ligi haijaanza. Huo ni ubishi uliogeuzwa kuwa sherehe, na sherehe ikawa pato la klabu.

Lakini sitaki mtu asome maneno haya akadhani nasifu kila aina ya ubishi. Upo unaojenga na upo unaobomoa, na mashabiki wetu nchini wameonja wa pili kwa uchungu. Msimu ukiwa umelala ulimi ndio unaocheza, na ulimi hauna refa. Kwa hiyo shabiki lazima ajiwekee sheria zake.

Ya kwanza ni ile ya mzee wa Ogembo: umeiona au umeisikia? Sisi Waislamu hatuhitaji kufundishwa hili na mtu, kwani dini yetu imetuamrisha kuihakiki habari kabla hatujaichukua, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Mchezaji anayezuliwa kuwa ameuza timu hutukanwa njiani, na mama yake husutwa sokoni, kisha ikabainika kuwa hakuna lililotokea. Siku hizi uvumi husafiri kwa simu. Kabla kahawa haijapoa umeshafika Lamu.

Ya pili ni kutoutia ukabila katika mpira. Mwaka 1980 serikali ilizitaka klabu ziache majina ya kikabila, na Abaluhya ikageuka kuwa AFC Leopards. Majina yalibadilika, lakini matusi ya kikabila hayakwisha viwanjani. Yule fundi cherehani alinifurahisha kwa sababu hii: Mkisii anayeishabikia Gor Mahia katikati ya Ogembo, akitukanwa kwa mzaha tangu asubuhi mpaka jioni, na hakuna aliyemwuliza kwa nini hakwenda kukaa kwa wajomba zake. Mwisho wa mazungumzo ni yeye aliyelipa chai ya meza nzima. Akasema analipa mapema, kwa kuwa msimu ukianza atakuwa na furaha mno hata asahau.

Ya tatu ni kamari. Hapa sina maneno ya kuzunguka. Kijana akishaweka fedha yake, hapendi tena timu, anapenda fedha. Atalia timu yake ikishinda ikiwa aliiwekea kushindwa. Nimewaona barazani vijana waliokuwa wabishi hodari wakageuka kuwa wahesabuji, kila mmoja ameinamia simu yake, na mazungumzo yakafa. Kuwa ni haramu kila Mwislamu anajua. Lakini hata asiye Mwislamu aangalie: kamari imeua nyumba, na sasa inaua hata utamu wa kubishana.

Mpira wenyewe si dhambi, na michezo ni sehemu ya maisha ya watu wazima wa akili na mwili, madhali sala haikupitwa na heshima haikuvunjwa. Ninachokiomba ni kidogo. Wazee walioiona Feisal wafungue midomo, waseme nani alicheza wapi na bao gani lilifungwa vipi, kabla hawajaondoka nayo. Bandari ilishika nafasi ya pili ya ligi msimu wa 2018/19, na mwaka 2015 na 2019 ilichukua ngao. Haya yazungumzwe kama tunavyoyazungumza ya London. Na kila mtaa wenye timu ya vijana uijue kwa majina, si kwa rangi ya jezi tu.

Nilipowaeleza haya barazani, kijana mmoja alinisikiliza bila kusema kitu. Nikadhani nimemchosha. Wiki iliyofuata alikuja akiwa na karatasi. Alikwenda Mbaraki akatazama mazoezi, akarudi na majina mawili ya wachezaji wapya. Mzee mmoja akamwuliza, "Umewaona au umesikia?" Akasema mmoja amemwona kwa macho yake akipiga mpira, wa pili ameambiwa na mlinzi wa lango.

Basi yule wa pili tukamweka chini. Juu ya yule wa kwanza tulibishana mpaka kahawa ikaisha.