Kabla ya mota mpya, shusha lori

Na Masunga Shija

Vijana wa Songwa wenye malori ya rimoti bado ni wachache, na mashindano yao ni ya namna moja tu. Mstari unachorwa vumbini, wa pili unachorwa kule mbele, anayewahi kufika ndiye bingwa. Mbio hizo zinawaharibia. Zinawaaminisha kwamba lori zuri ni lenye mota kali, basi, kwa hiyo kila shilingi inayopatikana inaishia kwenye betri kubwa zaidi. Likikutana na kona, lori hilo hilo linalala ubavu, tairi zinazunguka hewani, na mwenyewe anakimbia kwenda kuliinua.

Katika nchi ambako mchezo huu umekomaa, utaratibu uliozoeleka ni dakika 5 kwenye uwanja wenye kona, na kinachohesabiwa ni mizunguko. Hapo kasi peke yake haimsaidii mtu. Lori lake likipinduka mara 2 tu, jirani yake wa mwendo wa wastani ameshampita na hakamatiki tena. Nataka sisi nasi tushindane hivyo, kwa sababu kanuni ya mashindano ndiyo itakayomfanya kijana aligeuze lori lake na kulitazama tumboni.

Akitazama ataona kwa nini linapinduka. Chukua nusu ya upana kati ya tairi za kushoto na za kulia, ugawe kwa kimo cha kitovu cha uzito kutoka ardhini. Lori lenye upana wa sentimita 30 na kitovu kilichopo sentimita 12 juu linapata 1.25. Shusha kitovu hadi sentimita 10, linapata 1.5. Uwezo wa tairi kushika ardhi ukizidi namba hiyo, lori linapinduka kabla halijateleza. Ukiingia kona ileile kwa kasi mara 2, nguvu ya kulitupa nje inakuwa mara 4. Sasa mwambie mwenye lori hilo anunue mota nyingine!

Ndiyo maana lori linalopita salama kwenye mchanga wa luseni linaanguka likifika kwenye itogolo, ardhi yetu ile ngumu. Kwenye mchanga tairi zinaserereka, lori linapona. Kwenye ardhi ngumu zinang'ang'ania, na mwili wa juu unaendelea na safari yake. Nimesikia watu wakilaumu rimoti. Dereva wa Fuso la pamba hawezi kuilaumu: anajua mzigo ukirundikwa juu, kona aliyoizoea inabadilika.

Kazi ya kwanza basi ni kulishusha. Betri ikae chini kabisa kwenye chasisi. Fungua shokapu, vika fimbo yake kwa ndani kipande kifupi cha mrija wa plastiki ili isinyooke yote. Vipande vya kushoto na kulia vilingane, la sivyo lori litasimama upande. Humo ndani yatiwe mafuta mazito kidogo ya silikoni, bodi isiyumbeyumbe likitoka kwenye kona. Mafuta ya injini tafadhali yaacheni, yanavimbisha ringi za mpira, na baada ya muda shokapu inavuja.

Kinachonifurahisha zaidi ni spoku ya baiskeli. Ikunje mfano wa herufi U, miguu yake ishike mikono ya tairi za mbele, kushoto na kulia, katikati uibane kwenye chasisi kwa namna ambayo bado inaweza kuzunguka. Upande mmoja ukitaka kulala, spoku inajinyonga na kuukatalia. Lori litakuwa zito kidogo kugeuka, lakini halitarusha mkia ovyo. Hiyo ni fimbo ya kuzuia kulala ileile iliyopo chini ya magari makubwa, na fundi baiskeli yeyote anayo malighafi yake kwenye kopo la spoku zilizokatika.

Kama bado linajipindua, paka gundi ya supa, safu nyembamba, kwenye ubavu wa nje wa tairi za mbele. Mpira ukikakamaa pale, unapunguza kung'ata. Bodi nayo itobolewe nyuma, maana likiruka tuta upepo unaingia chini yake na kuliinua pua.

Wazazi wataniambia huu ni mchezo tu. Sisi tunaishi jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui, na ukanda wa dhahabu hauko mbali. Katika migodi ya chini ya ardhi, mashine za kuchota mawe huendeshwa kwa rimoti pale ambapo mwamba wa juu hauaminiki. Mtoto aliyekwisha kuelewa kwa nini mashine inapinduka ana cha kumwambia mwalimu wa fizikia, na mwalimu ana mahali pa kuanzia.

Napendekeza tuanze kiangazi hiki baada ya mavuno ya pamba, katika shule yoyote itakayokubali kutoa kipande cha uwanja. Kona ziwe za kushoto na za kulia, na angalau moja iwe ya kurudi ulikotoka. Mipaka iwekwe kwa tairi chakavu za pikipiki zilizolazwa, siyo mawe, mawe yanavunja mikono ya tairi. Magari ya waya yawe na kundi lao kwenye uwanja huohuo, dereva akikimbia nyuma na usukani wake mrefu, kwa maana nayo yakipanuliwa ekseli na kufungiwa jiwe chini ya sakafu yanatulia vilevile. Kila anayemaliza zamu yake asiondoke: asimame kwenye kona moja na kuwainulia wenzake malori yaliyopinduka, mpaka dakika 5 za kundi linalofuata ziishe.